Matufaha ya Karameli: Somo la Sukari, Moto na Kikombe cha Maji Baridi

Mhariri wa jarida hili amenitaka niandike juu ya jambo lililonipatia jina shuleni, jina ambalo sikulichagua: "Karameli". Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nieleze yote, yaliyonyooka na yaliyopinda. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa mjinga kwa sababu sikuuliza, na fedha za watu zikateketea kwenye sufuria.

Mambo yalianza hivi. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na kamusi tatu, na mojawapo ilikuwa imepoteza kurasa zote za herufi M. Hebu fikiria, kamusi ya Kiswahili isiyo na M! Tukakubaliana tuuze kitu Siku ya Wazazi ili tununue kamusi nyingine. Mandazi yalikuwa yameshachukuliwa na Chama cha Wakristo, na mahindi ya bisi yalikuwa ya Skauti. Mimi nikasimama, kifua mbele, nikasema tuuze matufaha ya karameli yenye njugu. Nilikuwa nimeyaona katika kitabu cha mapishi cha kigeni. Wanachama wakapiga makofi. Mweka hazina hakupiga.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Neno tufaha limetoka katika Kiarabu. Mitaani wengi wetu husema "epo", lakini kwenye insha mwalimu atalizungushia wino mwekundu. Tena ujihadhari: ukiwa Unguja ukaitisha tufaa, huenda ukaletewa tunda jingine kabisa, jekundu, laini, lenye maji mengi. Katika somo hili nazungumzia tufaha lile gumu tunalouziwa madukani na kando ya barabara, ambalo kwa kiasi kikubwa huletwa kutoka Afrika Kusini.

Tufaha la karameli ni tufaha zima lililochomwa kijiti, likachovywa katika karameli ya moto ya sukari, siagi na maziwa, kisha likabingirishwa kwenye kitu kinacholia kruu ukikitafuna. Nchini Marekani huliwa sana mwezi wa Oktoba, msimu wa kuvuna matufaha. Uingereza wana ndugu yake, tufaha la tofi, ambalo huliwa hasa karibu na tarehe 5 Novemba wakati wa sherehe za kuwasha mioto. Lile la Waingereza huvikwa sukari ngumu inayovunjika kama kioo. Hili la karameli huvikwa kitu laini kinachonata. Tofauti ya hayo mawili imo katika siagi na maziwa, na pia katika nyuzi za joto, na nyuzi hizo ndizo zilizoniangusha.

JARIBIO LA KWANZA, AU KILIO CHANGU

Mwalimu wa Sayansi Kimu alituruhusu kutumia jikoni mwake Jumamosi moja ya muhula wa pili. Nilikuwa nimekwenda kwanza maabara kuomba kipimajoto. Mwalimu wa Kemia alinitazama juu ya miwani yake, akaniambia, "Kijana, vingi vya hivi mwisho wake ni nyuzi 110. Karameli itapita hapo, kioo kipasuke, na kama ndani mna zebaki utawalisha wenzako sumu. Nenda zako." Nikaenda zangu. Bahati nzuri jikoni mlikuwamo kipimajoto cha mapishi.

Kitabu kilisema karameli iepuliwe ikifika nyuzi 118 za Selsiasi. Nami nikakitii kitabu kama askari. Ilipofika 118, nikaepua. Tukachovya matufaha kumi na mawili, yaliyotoka kwenye friji na kuoshwa dakika ileile. Yalipendeza, bwana! Yaling'aa kama viatu vya gwaride.

Kisha misiba ikaanza. Kwanza karameli ikachuruzika. Iliteleza polepole hadi chini, ikajikusanya kama sketi iliyomponyoka mtu, tufaha likabaki uchi. Pili, iliposhika kule chini, ilishika kabisa. Mwalimu mlezi wa chama alikuja kuonja. Akauma. Akanyamaza. Tukangoja atoe maoni yake, kumbe maoni hayakuweza kutoka, meno ya juu na ya chini yalikuwa yamefungana. Alipofanikiwa kuyatenganisha alisema neno moja tu: "Maji."

Mweka hazina alifunga daftari lake. Alisema fedha zilizobaki zinatosha jaribio moja tu, na kama hilo nalo litaharibika, tutaendelea na kamusi isiyo na M mpaka tumalize shule. Usiku ule sikulala vizuri.

NYANYA NA KIKOMBE CHA MAJI

Likizo ya Agosti nilikwenda Mombasa kwa nyanya yangu. Nyanya hutengeneza kashata za njugu na za nazi, na jioni huziuza barazani. Nikamsimulia mkosi wangu, naye akacheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa leso.

"Sasa wewe mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania, "hiyo sukari uliiuliza kama iko tayari, au ulikiuliza kitabu?"

"Niliuliza kipimajoto, nyanya."

"Haya, kaa hapa."

Akabandika shira ya sukari na maji jikoni. Kando akaweka kikombe cha maji baridi. Shira ilipoanza kutoa mapovu mazito yasiyo na haraka, akachota kidogo kwa ncha ya kijiko akaidondosha kikombeni. Ikatawanyika. "Bado." Baada ya muda akadondosha tena. Safari hii ilikaa chini kama kamasi. "Bado." Mara ya tatu aliweza kuiokota kwa vidole na kuifinyanga ikawa kidonge laini, akiishika inabonyea. Mara ya nne kidonge kilikuwa kigumu kidogo, kilisimama chenyewe, lakini bado kilikubali kubonyezwa. "Hii ndiyo karameli yako," akasema. "Mimi naendelea, kashata yataka zaidi." Mwishowe tone lilipoingia majini lililia, na alipolivunja likakatika kama kijiti kikavu.

Nikamwuliza ni dakika ngapi. Akanijibu, "Leo mkaa ni mkavu. Jana ulikuwa na unyevu. Dakika za siku gani unataka?"

KWA NINI KITABU KILINIDANGANYA?

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wa Fizikia, na hapo ndipo nilipopata fumbuo. Sikilizeni kwa makini, kwa kuwa hii ndiyo nguzo ya somo.

Maji matupu yakiwa usawa wa bahari, kama Mombasa, huchemka kwa nyuzi 100. Ukiyatia sukari, huchemka kwa joto la juu zaidi, na kadiri maji yanavyozidi kutoka kama mvuke ndivyo joto la shira linavyopanda. Kwa hivyo kipimajoto kinapopanda, kwa hakika kinakueleza maji yaliyobaki ni kiasi gani. Maji mengi yakibaki, karameli huwa laini. Yakibaki kidogo mno, huwa jiwe.

Lakini shule yetu iko Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Huku juu kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja. Shira nayo hushuka vivyo hivyo. Nyuzi 118 za mwandishi wa kitabu, aliyepika karibu na usawa wa bahari, ni sawa na nyuzi 112 zetu. Mimi nilipofika 112 karameli ilikuwa tayari inaniita, nami nikaendelea kuichemsha hadi 118, ambayo kwetu ni kama 124 za huko kwao. Ndiyo maana mwalimu mlezi akafungwa mdomo.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kupika, chemsha maji matupu, ukitumbukize kipimajoto, uone yanachemka kwa nyuzi ngapi. Toa hesabu hiyo kwenye 100. Jibu utakalopata, litoe kwenye kila joto lililotajwa kitabuni. Kama huna kipimajoto, usihuzunike. Kikombe cha maji baridi hakijui mwinuko wala mkaa wenye unyevu. Kinaonyesha shira yenyewe imekuwaje.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Vifaa vya matufaha sita ya wastani: sukari gramu 200 (kikombe kimoja), siagi gramu 115, maziwa mazito ya mkebe yenye sukari gramu 200 (nusu ya mkebe), asali nusu kikombe, chumvi kidogo sana, na vijiti sita imara vilivyokatwa ncha kali. Chagua matufaha yenye ukali kidogo, maana karameli ni tamu ajabu. Yale ya kijani yaitwayo Granny Smith, ambayo asili yake ni Australia katika karne ya 19, yanafaa sana.

Kwanza, matufaha. Mengi ya dukani hupakwa nta ili yang'ae na yasinyauke. Nta hiyo ndiyo iliyoifanya karameli yangu iteleze, ikisaidiwa na unyevu wa friji. Yaoshe kwa maji ya moto kiasi yenye siki kidogo, uyasugue kwa kitambaa safi, kisha uyakaushe kabisa. Yaache mezani mpaka ubaridi uishe. Chomeka vijiti upande wa kikonyo.

Pili, vitu vya kutafunika. Kaanga njugu karanga bila mafuta, pepeta maganda, uziponde kwa kinu ziwe vipande, si unga. Waweza kutumia simsim iliyokaangwa, nazi iliyokunwa na kukaangwa hadi iwe rangi ya dhahabu, biskuti zilizovunjwa, au hata chevda isiyo na pilipili. Njugu zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe. Ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ileile iliyokuwa kwenye mahindi yaliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004, na kukaanga hakuiondoi yote. Pia uliza kabla ya kumpa mtu, kwani wako ambao njugu huwadhuru vibaya.

Tatu, karameli. Tia siagi, sukari, asali, maziwa na chumvi katika sufuria yenye kitako kizito, iliyo kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, kwa kuwa mchanganyiko huu hufura. Bandika kwenye moto wa wastani. Koroga kwa mwiko wa mbao bila kuacha, ukifikia pembe zote, maana maziwa huungua upesi. Asali si ya utamu tu. Sukari zake ni za aina nyingine, nazo huzuia sukari yetu ya mezani isirudi kuwa chembechembe kama mchanga.

Utaona rangi ikigeuka polepole kuwa ya kahawia. Sukari tupu huhitaji karibu nyuzi 160 au zaidi ili iwe hivyo. Hapa rangi huja mapema kwa sababu protini za maziwa hushikana na sukari. Badiliko hilo lilielezwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka wa 1912, na ndilo linaloupa mkate na nyama choma rangi na harufu yake.

Nne, jaribu. Mapovu yakiwa mazito, anza kudondosha kwenye maji baridi. Sufuria iepue motoni kila unapojaribu, usije ukachelewa kwa sababu ya kungoja jibu. Kidonge kikisimama chenyewe na bado kinabonyea, acha hapo.

Tano, chovya. Ngoja dakika chache mapovu yatulie na karameli iwe nzito kama uji wa kumlisha mtoto. Inamisha sufuria, zungusha tufaha, linyanyue, liache lidondoke, pangusa kitako chake ukingoni. Hapohapo libingirishe kwenye njugu, kisha uliweke juu ya karatasi iliyopakwa siagi. Ukichelewa, karameli hushika na njugu hukataa.

Tahadhari: karameli ina joto kuliko maji yanayochemka na hunata kwenye ngozi. Usiionje kwa kidole asilani. Weka beseni la maji baridi karibu. Mtu akiungua, kiungo chake kiwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake siagi wala dawa ya meno, na kama jeraha ni kubwa apelekwe hospitalini.

TAMAA MBELE, MAUTI NYUMA

Jaribio la pili lilifaulu. Mwalimu mlezi aliuma, akatafuna, akasema sentensi nzima. Tukapanga kuuza hamsini. Mwenyekiti akapendekeza tuyatengeneze Jumatano ili Jumamosi tuwe huru kupokea wazazi wetu. Lilikuwa pendekezo la busara, na sote tuliinua mikono.

Ni mwalimu wa Biolojia aliyetuzuia. Alitueleza kwamba mwaka wa 2014, nchini Marekani, matufaha ya karameli yaliyofungashwa viwandani yaliwaambukiza watu 35 katika majimbo 12 bakteria waitwao Listeria. Watu 34 walilazwa hospitalini na 7 walifariki, ingawa si vifo vyote vilivyothibitishwa kuwa vya ugonjwa huo. Wataalamu walishangaa. Tufaha lina asidi, na karameli ina maji machache mno, kwa hivyo bakteria hawapaswi kustawi kwenye kimojawapo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba kijiti kikichomekwa, maji ya tufaha hupanda na kuingia kati ya ganda na karameli. Hapo ndipo bakteria hupata makao. Matufaha yenye vijiti yaliyowekwa mahali penye joto la kawaida la chumbani yalionekana kuwa na bakteria walioongezeka mara 1,000 kwa siku tatu tu.

Siku tatu! Jumatano hadi Jumamosi. Na wanaokuja Siku ya Wazazi ni kina nani? Ni mama wajawazito, watoto wachanga na nyanya zetu, yaani walewale ambao ugonjwa huu huwaonea zaidi.

Tukabadilisha mpango. Tuliamka saa kumi usiku Jumamosi yenyewe, tukaosha mikono, tukaosha na kukausha matufaha, tukapika. Tuliwahi kumaliza thelathini na moja pekee kabla ya gwaride. Tuliwaambia wanunuzi wote wayale siku hiyohiyo, na anayetaka kubeba nyumbani ayaweke frijini yakifika. Saa sita hayakubaki. Tulinunua kamusi mbili, si nne kama tulivyoota. Wengine walinung'unika. Mimi naona kamusi mbili zisizo na lawama ni nzito kuliko nne.

Nawe ukiwa nyumbani na una haraka, njia salama zaidi ni kuacha kijiti kabisa. Kata tufaha vipande, weka bakuli la karameli yenye uvuguvugu mezani na sahani ya njugu kando, kila mtu achovye chake na ale papo hapo.

FAIDA YA LUGHA

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, nisiwaache bila vitenzi. Siagi huyeyuka ikipata moto, nawe ndiwe unayeiyeyusha. Shira huchemka, mpishi huichemsha. Karameli huchuruzika ikiwa nyepesi, hunata ikiwa ya kadiri, na hushika au huganda ikipoa. Sukari huungua, lakini mpishi asiyeangalia ndiye aliyeiunguza. Tazameni kauli ya kutendesha inavyomtafuta mwenye makosa! Mimi siku ile nilitaka kusema "karameli imeharibika". Kiswahili sanifu kilinidai niseme "nimeiharibu".

ZOEZI

1. Mji wako uko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Maji yatachemka kwa nyuzi ngapi hivi? Karameli ya nyuzi 118 za kitabu utaiepua kwa nyuzi ngapi?
2. Eleza sababu mbili zinazofanya karameli iteleze kwenye tufaha.
3. Tunga sentensi ukitumia: ganda (kitenzi), ganda (nomino), nata, nyanyua.
4. "Sukari haina saa." Jadili kauli hii kwa kutumia yaliyompata mwandishi.

Majibu mpeleke kwa mwalimu mlezi. Siku hizi anaweza kusema.

Nyanya naye nilimpelekea tufaha moja likizo ya Desemba, nililolitengeneza hukohuko Mombasa, jikoni mwake, kwa kikombe chake. Alilitazama, akaligeuza, akaondoa kijiti na kulikata vipande kwa kisu. Akala kimoja. "Si baya," akasema. "Lakini mume wangu, njugu zingekuwa nyingi zaidi."

Hadi mwaka ujao, kwaherini ya kuonana.